Utetezi wa VVU kwa pamoja bila kugombana: mwongozo kwa konga (mitandao ya wilaya ya watu wanaoishi na VVU), vikundi na asasi ndogo

Nianze na aibu yetu wenyewe. Tuliwahi kukaa kikao cha masaa matatu, asasi na vikundi saba, ajenda ilikuwa majibu ya kipimo cha wingi wa virusi, kile kinachoonyesha VVU viko kiasi gani kwenye damu, kuchelewa kurudi kituoni, na katika hayo masaa matatu muda mwingi uliishia kwenye bango, logo ya nani ianze kushoto, ya nani ikae chini, nani kachangia kuchapa na nani kachangia mdomo tu. Bango likatoka limependeza kweli. Tukalibeba mpaka kwa mganga mkuu wa wilaya, watu kumi na tano, tukapiga picha mlangoni, tukaingia, tukaongea wee, mmoja akagusa unyanyapaa, mwingine akaleta habari ya mitaji ya vijana, mwingine kondomu zimeadimika kwenye baa. Daktari akatusikiliza kwa adabu, akavua miwani, akauliza swali moja: "Sasa ndugu zangu, mnataka nifanye nini?"

Tukaangaliana. Kila mmoja akajibu lake.

Nilichokiandika hapa kimetokana na lile swali. Nimeandika kwa mazingira ya Tanzania kwasababu ndo nayoyajua, ila aliyeko Kenya au kwingine atabadilisha majina ya ofisi tu, tabia za watu ni zilezile.

Hatua ya 1: Ombi kwanza, muungano baadae

Watu wengi tunaanza na kuunda mtandao, tunauchagulia jina refu, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, halafu ndo tunaanza kutafuta cha kutetea. Geuza. Tafuteni kwanza jambo moja linalowauma wote, liandikeni kwenye sentensi moja yenye vitu vitatu: nani afanye, afanye nini, mpaka lini. Ikikosa kimoja hapo bado hamjawa na ombi, mna malalamiko.

"Tunataka unyanyapaa uishe" ni kweli tupu lakini hakuna ofisa duniani anaweza kuisaini hiyo ikaisha. "Tunaomba mganga mkuu aelekeze kwamba majibu ya wingi wa virusi yakirudi kituoni, mteja apigiwe simu ndani ya wiki moja, kuanzia mwezi wa tatu" hii anaweza kusema ndio, anaweza kusema hapana, anaweza kusema sina vocha ya kupigia. Vyote vitatu ni majibu na mnaweza kuyafanyia kazi.

Hapa mtabishana. Mwacheni kila mmoja alete lake, andikeni yote ukutani, halafu ulizaneni lipi tukilipata hata likiwa peke yake watu wetu wataona tofauti kabla ya mwaka kuisha. Mengine msiyatupe, yawekeni foleni, na muwaambie wenye nayo kwamba zamu yao inakuja, maana mtu akihisi jambo lake limezikwa atakaa kwenye muungano akiwa amenuna, na mtu aliyenuna ndani ya muungano ni hatari kuliko aliyeko nje.

Hatua ya 2: Jueni kalamu iko mkononi mwa nani

Hili tunalipuuza sana. Unakuta kikundi kinapeleka barua kwa mkuu wa wilaya kuhusu kitu ambacho angekimaliza mfawidhi wa kituo kwa kubadilisha ratiba tu, au kinamgombeza nesi wa CTC, kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, kwa jambo ambalo limekwama Bohari ya Dawa.

Kwa ufupi ngazi ziko hivi. Kituoni kuna mfawidhi na mkuu wa kliniki ya CTC. Wilayani upande wa tiba kuna mratibu wa UKIMWI wa idara ya afya, watu wanamwita DACC, juu yake mganga mkuu. Upande wa jamii kuna mratibu wa halmashauri, CHAC, huyu ndo anaewajua vikundi. Halafu kuna kamati ya kudhibiti UKIMWI ya halmashauri, CMAC, ambayo mwenyekiti wake huwa ni makamu mwenyekiti wa halmashauri na WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU, wana nafasi ndani yake. Nani anawawakilisha pale? Kama hamumjui, simamisheni kila kitu mkamtafute leo. Nimeshaona konga inaandika barua tatu kwenda nje wakati mtu wao anakaa kwenye kamati na hajawahi kupewa ajenda, anaenda, anasaini, anarudi.

Kitaifa kuna TACAIDS, tume ya kudhibiti UKIMWI, ipo tangu 2001, kazi yake ni kuratibu sekta zote, wakati dawa na miongozo ya tiba iko Wizara ya Afya. Maombi ya pesa za Global Fund, mfuko wa dunia wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria, yanaandaliwa na kusimamiwa na chombo cha kitaifa kinachoitwa TNCM, na moja ya masharti ya Global Fund ni kwamba watu wanaoishi na magonjwa husika wawakilishwe humo. Kwa hiyo kama tatizo lenu ni la nchi nzima mnayo njia ya kulifikisha kupitia baraza la taifa la WAVIU, NACOPHA, ambalo konga zenu ni sehemu yake. Bungeni nako kuna kamati ya kudumu inayoshughulika na UKIMWI. Ila msikimbilie huko. Panda ngazi ukiwa na karatasi kutoka ngazi ya chini inayoonyesha ulishabisha hodi, la sivyo utarudishwa palepale ulipotoka.

Hatua ya 3: Muwaite wenye kazi, sio wenye majina

Wa kwanza kukaa mezani ni wanaoishi na VVU wenyewe, na namaanisha kukaa pale ombi linapoandikwa, sio kuitwa siku ya mwisho kutoa ushuhuda na kupigiwa makofi. Nchi 42 zilitia saini hilo Paris tarehe 1 Desemba 1994, kwamba watu wanaoishi na VVU washirikishwe zaidi kwenye maamuzi, na mpaka leo bado unakuta mkutano wa utetezi ambao mwenye VVU pekee ukumbini ni yule aliyeitwa kusimulia.

Baada ya hapo angalieni ombi lenu linahitaji mikono gani. Mfano mzuri kabisa ni Afrika Kusini. TAC, harakati ya kudai matibabu ya VVU, ilianza Desemba 1998 Cape Town, na watu wanaikumbuka kwa zile fulana za HIV POSITIVE na maandamano, lakini fulana peke yake isingeleta dawa. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi COSATU lilileta watu barabarani. AIDS Law Project ilileta wanasheria. Madaktari wa MSF, wale Madaktari Wasio na Mipaka, walianza kutoa ARV, dawa za kufubaza VVU, kliniki za Khayelitsha, kitongoji cha Cape Town, mwaka 2001, kwa hiyo mtu aliyesema watu maskini hawawezi kumeza dawa kwa saa akaonyeshwa wagonjwa wanaozimeza. Kampuni 39 za dawa zilizokuwa zimeishtaki serikali kuzuia dawa za bei nafuu zikaondoa kesi yao Aprili 2001, na Julai 2002 Mahakama ya Katiba ikaiagiza serikali itoe nevirapine, dawa ya kumkinga mtoto asiambukizwe na mama, kwa wajawazito nje ya vile vituo vichache vya majaribio. Kila mmoja alifanya kile anachokijua. Hakuna aliyejifanya mwanasheria huku ni mhamasishaji.

Kwenu wilayani mikono ni midogo lakini ipo. Konga ina watu na ina ukweli. Wasaidizi wa kisheria wanajua kuandika barua isiyojibiwa kirahisi. Kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa kina mweka hazina anaeaminika, na mnamhitaji huyo kuliko mnavyodhani. Mwandishi wa redio ya jamii, sheikh au mchungaji ambae diwani anamheshimu, nesi mstaafu anaejua mfumo ulivyo kwa ndani. Asasi kubwa ya mjini yenye gari nayo iite, ila ipewe kazi kama wengine, isipewe usukani kwasababu tu ina gari.

Idadi? Tano mpaka nane inatosha. Mkifika ishirini mnahitaji sekretarieti, sekretarieti inahitaji ofisi, ofisi inahitaji kodi, na hapo mmeshahama kwenye majibu ya wingi wa virusi mko kwenye kutafuta kodi.

Hatua ya 4: Karatasi ya makubaliano, kurasa mbili, msisaini kabla hamjaongea pesa

Kama kuna sehemu moja ya mwongozo huu utaisoma mara mbili, iwe hii. Miungano mingi niliyoiona ikifa iliuliwa na vitu ambavyo kila mtu aliona aibu kuvisema siku ya kwanza, adui hata hakuhitajika.

Andikeni:

Ombi lenu, neno kwa neno, hakuna wa kulibadilisha peke yake.

Nani anafanya nini, jina la kikundi na jina la mtu, kwasababu "asasi itashughulikia" maana yake hakuna atakaeshughulikia.

Msemaji ni nani na msaidizi wake ni nani. Mwandishi akipigia mtu mwingine yeyote jibu ni moja, "ongea na fulani". Ukiona mtu hawezi kujizuia mbele ya kamera, mjue mapema, mpeni kazi nyingine ya heshima.

Pesa. Yaani hapa semeni yote. Tukipata ufadhili unaingia akaunti ya nani? Muungano ambao haujasajiliwa hauna akaunti, kwa hiyo mmoja anakuwa mwenyeji, na mwenyeji lazima aonyeshe risiti na salio kwa wote kila mwezi, kwenye karatasi, sio kwa mdomo. Nauli ni shilingi ngapi, inalingana kwa wote au anaetoka mbali anapata zaidi? Posho ipo au haipo? Kama haipo iandikwe haipo. Mama mmoja wa konga yetu, mtu mzima, aliwahi kuniambia, "Mwanangu, mimi sihitaji posho yenu, nahitaji kujua kwanini yule ameitwa hotelini na mimi nimeitwa chini ya mwembe." Sikuwa na jibu. Pesa yenyewe ilikuwa ndogo tu, ila hakuna aliyekuwa amemwambia ilikuwaje.

Mfadhili akimtaka mmoja wenu peke yake aombe kwa kazi ileile, afanyeje? Sisi tulikubaliana anawaambia wengine ndani ya siku tatu na kazi ya pamoja haibadiliki. Kuna mmoja hakusema, tukaja kujua kwenye ripoti iliyobandikwa ukutani ofisini kwao, picha zetu, daftari letu, jina lake. Sitamtaja, ila hiyo siku ndo nilijifunza kwanini kipengele cha pesa kinatakiwa kiwe kirefu kuliko vyote.

Logo: alfabeti. Yaani hiyo tu, alfabeti imetuokoa. A kabla ya B, saizi sawa, kikao kimefungwa.

Kutokubaliana: mambo gani yanaamuliwa kwa wengi, na yapi hata mmoja akikataa yanaachwa. Kwetu yanayoachwa ni mawili tu, kwenda mahakamani na kutoa picha au sauti ya mtu anaeishi na VVU.

Kutoka: anaetaka kujitoa atoe taarifa ya wiki mbili na arudishe vitu. Basi.

Hatua ya 5: Ushahidi wa kaunta buku

Msingoje mtafiti. Nunueni kaunta buku, pigeni mistari. Kwa mfano wetu wa wingi wa virusi safu zilikuwa: namba ya siri, kituo, tarehe sampuli ilipochukuliwa, tarehe mteja alipopewa majibu, na kama aliambiwa chochote katikati. Safu tano, ya sita hatukuihitaji. Mtu aliyeanza dawa anatakiwa apimwe baada ya miezi sita, kisha mwezi wa kumi na mbili, halafu kila mwaka kama virusi vimefubaa, kwa hiyo ukiwa na zile tarehe mbili tu unaona kama majibu yake yanamkuta kabla ya kipimo kinachofuata au yanapishana njiani.

Wanaojaza ni wenyewe wateja na wale WAVIU washauri wanaowasindikiza, na wanajaza nje ya kliniki, kwa hiari. Msiingie kwenye mafaili ya hospitali, msipige picha kadi ya mtu, msiandike namba ya CTC. Namba ya siri mnaitunga wenyewe, na karatasi inayounganisha namba na jina ama haipo kabisa ama iko kwa mtu mmoja, imefungwa kwa kufuli.

Mtu ataona nazidisha. Sizidishi. Sheria yetu ya VVU na UKIMWI ya 2008 inalinda usiri wa hali ya mtu na inakataza ubaguzi, na tangu 2022 kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ambayo haibagui kati ya kampuni ya simu na kikundi chenu cha watu kumi. Jirani zetu Kenya mwaka 2015 lilitoka agizo la rais kwamba zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na VVU, pamoja na wazazi wao, nia ilisemwa ni kuwahudumia. KELIN, shirika la Kenya la sheria na VVU, na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na Desemba 2016 mahakama ikasema kukusanya kwa namna ile inayomtaja mtu ni kuvunja haki ya faragha. Kama rais alikwama kwa hilo, wewe na simu yako utapita wapi.

Sisi wenyewe kulikuwa na kijana mmoja, mwema tu, alipiga picha ya kikao akaweka stetasi ya WhatsApp, "tupo kazini na mashujaa wetu". Kwenye picha kulikuwa na dada ambae mume wake hakuwa anajua. Nisiendelee. Tangu siku hiyo simu zinawekwa kwenye kikapu mlangoni, tena kikapu chenyewe cha sokoni kile cha ukindu, na aliyekuja na mbili anaweka zote mbili.

Jambo lingine kwenye ushahidi, jiandaeni kwa takwimu ya taifa. Ofisa atawaambia tunafanya vizuri, na hatakuwa anadanganya: utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha maambukizi kwa watu wa miaka 15 na zaidi ni asilimia 4.4, waliokuwa wanajua hali zao asilimia 82.7, kati ya hao walioko kwenye dawa 97.9, na kati ya walioko kwenye dawa waliofubaza virusi 94.3. Ukiangalia shimo liko wapi utaona liko kwenye kupima, kwenye dawa tumeshavuka lengo la asilimia 95, na kwenye kufubaza tunalikaribia kabisa. Msibishane nae. Semeni, "Ni kweli mheshimiwa daktari, na ndo maana tumeshangaa kituo chetu kiko hivi," halafu fungueni kaunta buku. Wastani wa nchi hauwezi kukuambia kilichotokea zahanati ya kijijini kwenu mwezi wa nane.

Hatua ya 6: Kuingia ofisini

Barua ukurasa mmoja. Juu anwani, kumbukumbu namba hata kama mnaanza na 001, halafu:

YAH: OMBI LA KIKAO KUHUSU KUCHELEWA KWA MAJIBU YA WINGI WA VIRUSI

Aya ya kwanza ninyi ni nani, mstari mmoja. Aya ya pili mmeona nini, kwa namba zenu. Aya ya tatu ombi, ile sentensi yenu moja. Mwisho tarehe tatu mnazoweza kuja. Nakala kwa CHAC na kwa mjumbe wenu wa CMAC. Ipeleke masjala kwa mkono ukiwa na nakala mbili, moja inabaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, usiondoke bila muhuri hata ukiambiwa mwenye muhuri kaenda kunywa chai, msubiri amalize chai. Ile karatasi yenye muhuri ndo mtakayoonyesha ngazi ya juu mkifika.

Waende watatu. Mmoja anaongea, mmoja anaandika, wa tatu ni yule mwenye jambo lenyewe kama ameridhia kujulikana. Watatu wanakaa kwenye viti vilivyopo, kumi na tano wanasimama mlangoni na ofisa anaanza kujihami kabla hamjasema shikamoo.

Shukuruni kitu kimoja cha kweli. Semeni ombi mapema, ndani ya dakika tano za mwanzo. Akisema hapana mwulizeni ni nini kingehitajika ili aseme ndio, jibu la swali hilo mara nyingi lina thamani kuliko ndio ya kukuondosha. Sisi mara ya pili tulivyorudi, daktari alitujibu kwamba majibu yanarudi kwa wakati ila hakuna mtu wa kuyatoa kwenye mfumo na kuyapeleka kwenye faili, aliyekuwa anaifanya kazi hiyo alikuwa analipwa na mradi na mradi ulishaisha. Tulikuwa tumejiandaa kulaumu maabara! Laiti tungeenda redioni kwanza.

Jioni ileile tumeni muhtasari kwa meseji au imeili: tumekubaliana hivi, nani atafanya, lini tutaonana. Asipoujibu basi mna rekodi.

Hatua ya 7: Kalenda ya pesa

Hapa kwa haraka. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Bunge la bajeti ni Aprili mpaka Juni, lakini mkisubiri Aprili mmechelewa, halmashauri zinapanga kuanzia mwisho wa mwaka na baraza la madiwani linapitisha mapema mwaka unaofuata. Kwa hiyo mwezi wa kumi na kumi na moja ndo wa kumtafuta diwani, mwenyekiti wa kijiji, kikao cha maendeleo cha kata, na kuweka mstari wenu kwenye mpango ukiwa bado unaandikwa kwa penseli. Siku ya UKIMWI tarehe 1 Desemba inaangukia hapohapo katikati. Badala ya kuimaliza kwa fulana na ngoma itumieni, maana siku hiyo wakubwa wote wako uwanjani na wanatakiwa waseme kitu.

Na msiweke mayai yote kwa mfadhili mmoja. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, kazi zilizolipwa na PEPFAR, mpango wao wa kupambana na UKIMWI ulioanza 2003, zikapewa amri ya kusimama ndani ya siku chache, baadae kikatoka kibali cha huduma za kuokoa maisha lakini watu wengi walishafungasha, watunza takwimu, washauri, madereva wa sampuli. Asasi ambazo bajeti yao ya utetezi ilikuwa humohumo zikanyamaza siku ileile ambayo zilikuwa zinahitajika kupiga kelele. Muungano wenye mfuko wake mdogo wa michango, hata elfu tano tano kwa mwezi, uliweza angalau kukodi bodaboda na kupeleka barua. Nchi ina Mfuko wa Udhamini wa UKIMWI kisheria tangu 2015, ulizeni kila mwaka umetengewa kiasi gani na kiasi gani kimetoka kweli, maana hizo ni namba mbili tofauti.

Hatua ya 8: Mkitofautiana hadharani

Mtatofautiana. Kubwa litakuwa kondomu. Shehe au mchungaji aliyewasaidia kwa diwani hatasimama jukwaani kuzigawa, na kikundi cha vijana hakitakubali zisitajwe. Usiwalazimishe wakubaliane imani. Rudi kwenye karatasi: ombi letu ni majibu ya vipimo, hapo wote tupo, kwenye mengine kila mtu na kofia yake na hakuna anaetumia jina la muungano. Vilevile kwa makundi ambayo kuyataja tu kunaleta matatizo. Waulizeni wenyewe, kwa faragha, wanataka kuonekana au wanataka huduma iwafikie bila kelele. Wengi nilioongea nao walitaka la pili. Kuwatangaza ili nyie muonekane majasiri, halafu jioni nyie mnarudi kwenu salama na wao wanarudi kwenye mtaa uleule, hiyo sio haki.

Hatua ya 9: Wakikataa kabisa

Pandeni ngazi na ile karatasi yenye muhuri. Redio baada ya ngazi ya pili, sio kabla. Mahakama iwe ya mwisho na msiende bila wanasheria na bila mtu aliyeelewa kabisa itamchukua muda gani. Kesi ya Kenya dhidi ya sheria ya bidhaa bandia ya 2008, ambayo ilikuwa imeandikwa kiasi kwamba ARV halali za bei nafuu zingeweza kuhesabiwa feki, ilifunguliwa 2009 na watu watatu wanaoishi na VVU. Aprili 2010 wakapata zuio la muda, hukumu ikatoka 20 Aprili 2012. Miaka mitatu. Na kesi yenyewe inajulikana kwa herufi, P.A.O. na wenzake wawili. Bungeni nako ni hivohivo tu, hapa kwetu sheria ya 2008 iliweka umri wa kupima kwa ridhaa yako mwenyewe kuwa 18, ikabadilishwa 2019 kuwa 15 na kujipima kukaruhusiwa. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi vijana wa miaka 16 walikuwa wanarudishwa wakalete mzazi.

Hatua ya 10: Mkikubaliwa

Kazi inaanza upya, na ndo hapa wengi wanapotawanyika. Daktari wetu alikubali. Nesi mmoja akapewa siku ya alhamisi kutoa majibu kwenye mfumo, na WAVIU washauri wawili wakapewa vocha ya kupigia watu, elfu kumi kwa mwezi kutoka kwenye mchango wetu mpaka halmashauri ilipoiweka kwenye mpango. Mwezi wa kwanza ikaenda, wa pili ikaenda, wa tatu nesi akahamishwa. Kama tusingekuwa bado tunajaza daftari tungejua mwaka unaofuata. Tukajua baada ya wiki mbili, wakaenda watatu, dakika ishirini, akapangwa mwingine.

Kaunta buku ya kwanza imejaa. Iko kwenye sanduku la bati la mweka hazina, chini ya vitenge, ufunguo anao yule mama wa mwembe. Ya pili tumefika katikati, na safu ya tarehe ya majibu kuna kurasa sasa hivi zinajazwa siku chache tu baada ya sampuli. Bango lipo pia. Tunalitandika chini tukikaa kikao, mwembe ule una mchwa.